Mlo wa Mchana wa Kikorea Mbeya: Agiza Meza Nzima, Usiagize Sahani

Eneo la Forest jijini Mbeya, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani zenye bustani mbele, kuna mgahawa mdogo ambao ubao wake wa nje hauna jina la biashara bali maneno matatu tu, "Chakula cha Kikorea", yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu na mtu ambaye bila shaka si fundi wa mabango. Nimekuwa nikila hapo mchana tangu majira ya baridi, na maoni yangu ni kwamba panafaa sana, kwa sharti moja ambalo wateja wengi wa mji huu hawalizingatii: mgeni asiagize sahani moja kama tulivyozoea kwenye hoteli zetu, bali aagize mlo kamili wa mchana, ule ambao Wakorea huuita baekban, na aule wote kwa pamoja. Nimewasikia watu wakitoka pale wakilalamika kwamba chakula cha Kikorea hakina ladha, au kwamba ni chumvi na pilipili tupu, na karibu kila mara mlalamikaji alikuwa ameagiza bakuli la mchuzi peke yake, au kuku wa kukaanga na chipsi.

Baekban ni mlo wa kila siku wa watu wa kawaida nchini Korea, si chakula cha sherehe. Mezani huletwa bakuli la wali mweupe, bakuli la supu au mchuzi, kimchi, na vitoweo vidogo vidogo vinavyoitwa banchan, vyote kwa wakati mmoja, bila utaratibu wa chakula cha kuanzia na cha kumalizia. Wali hautiwi chumvi wala mafuta kwa makusudi. Mchuzi nao umekolezwa chumvi kwa makusudi, kimchi ina uchachu na ukali, mboga za majani zimechemshwa kidogo na kuchanganywa na mafuta ya ufuta, na kitoweo cha samaki kina sukari. Kila kimoja kina pengo ambalo jirani yake hulijaza, na mlaji ndiye anayepanga uwiano kinywani mwake: kijiko cha wali, funda la mchuzi, kipande cha kimchi, kisha anarudi kwenye wali. Ukiondoa vitoweo hivyo ukabaki na mchuzi, utakuwa na haki ya kusema ni wa chumvi mno, lakini hukumu yako itakuwa juu ya kitu ambacho hakikupikwa kiliwe hivyo.

Nilipompeleka baba mkubwa, mzee wa Tukuyu ambaye kwake mlo bila ndizi au ugali ni kifungua kinywa kilichochelewa, alivitazama vibakuli sita vilivyopangwa mbele yake kwa muda, kisha akamwita dada aliyekuwa akituhudumia.

"Binti, hivi ni vya kuonja kwanza, au ndicho chakula chenyewe?"

"Ndicho chakula chenyewe, babu. Kimoja kikiisha nakuongezea."

"Kwa bei gani?"

"Huongezi kitu, babu. Ni bei ileile."

Mzee akachukua kibakuli cha mchicha, akakimaliza kwa vijiko viwili na kumkabidhi dada huyo kabla hajaondoka. Hakukosea, kwa kuwa huo ndio utaratibu: katika migahawa ya Korea vitoweo vya pembeni haviandikwi kwenye hesabu, na vikiisha huongezwa bila malipo. Mgahawa huu umeutunza utaratibu huo kwa mboga zote na kwa kimchi, ingawa kitoweo cha samaki huongezwa mara moja tu, jambo ambalo naliona la haki ukizingatia bei ya samaki wakavu sokoni siku hizi.

Kipimo cha kwanza cha mgahawa wowote wa Kikorea ni kimchi, na hapa kuna mengi ya kusema. Kabichi ndefu yenye moyo uliofungamana hukatwa kwa urefu, ikalazwa kwenye chumvi kwa saa nyingi hadi majani yalegee, ikaoshwa na kuchujwa, kisha kila jani likapakwa mchanganyiko wa pilipili nyekundu ya kusaga, kitunguu saumu, tangawizi, figili iliyokatwa nyembamba, na samaki wadogo au kamba waliochachushwa kwa chumvi. Hakuna siki inayotiwa. Uchachu wake huletwa na bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi, na kazi yao huenda polepole kwenye baridi na haraka kwenye joto. Ndiyo maana Wakorea walizoea kutengeneza kimchi nyingi kwa mkupuo mmoja mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, kabla ya theluji, na kuihifadhi kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini. Shughuli hiyo, ambayo familia na majirani huifanya pamoja na kisha kugawana, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013, na siku hizi familia nyingi za mijini huko Korea zina jokofu maalumu kwa ajili ya kimchi peke yake.

Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa mita takriban 1,700, ina baridi inayoifaa kazi hiyo kuliko miji yetu mingi, na tofauti ya majira inaonekana wazi mezani. Kimchi niliyokula Juni na Julai ilikuwa imekomaa polepole: mabua yake bado yalilia kinywani, uchachu ulikuja baada ya ukali wala haukuufunika. Ile ya Oktoba, joto lilipopanda na umeme ukawa unakatika mchana, ilikuwa laini na chachu kupita kiasi kwa kuliwa mbichi. Mpishi anajua tofauti hiyo, maana wakati huo aliipunguza mezani na kuielekeza kwenye chungu cha mchuzi, ambako kimchi iliyozeeka ndiyo inayotakiwa. Badala yake alileta ya siku hiyohiyo, iliyotengenezwa kwa chainizi ya Mwanjelwa. Chainizi yetu ina majani yaliyofunguka na mabua membamba, haivumilii wiki nyingi ndani ya chumvi, lakini ikichanganywa asubuhi na kuliwa mchana ina ubichi mzuri unaokaribia kachumbari. Nampongeza mpishi kwa kutoilazimisha kuwa kitu isichokiweza.

Jambo jingine la kumsifu ni pilipili. Pilipili ilifika Korea ikitokea Amerika, baada ya safari za mabaharia wa Ureno na Uhispania, na hutajwa kwa mara ya kwanza huko mwanzoni mwa karne ya 17, miaka michache baada ya vita na Japani. Kabla ya hapo mboga zilichachushwa kwa chumvi na viungo vingine bila wekundu huo. Ile inayotumika kwenye kimchi leo ni pilipili ndefu iliyokaushwa na kusagwa chengachenga, yenye rangi kali kuliko ukali wake na utamu fulani kwa mbali. Kuna kishawishi kikubwa, hasa mzigo kutoka nje unapochelewa, cha kuijazia kwa pilipili kichaa. Anayefanya hivyo hupata kimchi inayochoma midomo na isiyo na rangi. Hapa sijakutana na ujanja huo. Kwa wasiotaka ukali kabisa, na kwa watoto, kuna kimchi nyeupe isiyo na pilipili, ambayo haiko kwenye orodha lakini ukiiulizia unaletewa.

Mchuzi unaokuja na mlo kamili hubadilika kila siku, na mara nyingi ni doenjang jjigae, mchuzi wa soya iliyochachushwa wenye tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), kitunguu, viazi na maboga machanga, unaoletwa ukiwa bado unatokota ndani ya chungu cheusi cha udongo. Tahadhari kwa wageni: harufu yake ni nzito na hutangulia mezani kabla ya chungu chenyewe. Soya huchemshwa hadi ilainike, ikatwangwa, ikafinyangwa kuwa matofali, matofali yakakaushwa na kuning'inizwa kwa wiki kadhaa huku ukungu na bakteria wakifanya kazi yao, kisha yakatumbukizwa kwenye maji ya chumvi kwa miezi. Maji yanayochujwa ndiyo sosi ya soya, na machicha yanayobaki ndiyo huwa rojo la mchuzi huu. Maarifa hayo nayo yaliingia kwenye orodha ya UNESCO, mwaka 2024. Mama mwenye mgahawa, Mkorea wa makamo anayezungumza Kiswahili cha sokoni kwa ufasaha wa kushangaza, hununua soya inayotoka Ruvuma na kutengeneza matofali yake mwenyewe. Nilipoomba kuyaona alinipeleka kibarazani nyuma ya jiko, nikayakuta yananing'inia kwenye kamba za majani makavu ya mpunga, yamepasukapasuka, yana ukungu mweupe pembezoni, na kila moja lina uzito wa kutosha kuzuia mlango usifungwe na upepo. Kamba hizo za majani ya mpunga si pambo: huko ndiko wanakoishi baadhi ya bakteria wanaohitajika.

Msingi wa mchuzi huo, na wa supu zote za hapo, ni samaki wadogo wakavu. Korea hutumia dagaa wa baharini pamoja na mwani mpana. Hapa mwani unatoka nje, lakini samaki ni usipa wa Ziwa Nyasa, wanaopandishwa kutoka Kyela na kuuzwa kwa vikombe Mwanjelwa. Nilikuwa na shaka, kwa kuwa samaki wa maji baridi hawana ile chumvi ya bahari, lakini shaka hiyo iliondoka kwa funda la kwanza: supu ina kina, ni nyepesi, na haina harufu ya tope. Masharti yake ni kwamba usipa waondolewe vichwa na matumbo kabla ya kuchemshwa, na wasichemshwe muda mrefu. Ijumaa moja yenye wateja wengi sharti la kwanza halikutimizwa, na supu ilikuja na uchungu uliobaki ulimini hadi jioni. Nilimwambia dada anayehudumia, akaonja kwa kijiko safi mbele yangu, akakunja uso, akakiondoa chungu bila ubishi na kuniletea mchuzi wa kimchi badala yake. Kosa lilikuwa la wazi, na lilishughulikiwa kama inavyopaswa. Hata hivyo, mpishi anayejua kuchambua usipa Jumatatu anapaswa kujua kuwachambua Ijumaa.

Usipa haohao, wale wadogo kabisa, ndio wanaotengeneza kile ninachokiona kuwa kitoweo bora kuliko vyote mezani. Hukaangwa kwenye karai kavu hadi wakauke na kulia, kisha hutiwa sosi ya soya, sukari kidogo, kitunguu saumu na mbegu za ufuta, wakageuzwa haraka hadi kila mmoja avae ngozi nyembamba inayong'aa. Huliwa wachache wachache, pamoja na wali. Nimekula usipa maisha yangu yote, wa kukaanga, wa nyanya na wa nazi, na sikutegemea kujifunza jambo jipya juu yao kutoka kwa watu wa Peninsula ya Korea.

Wali ndio mahali ambapo mimi na mgahawa huu hatukubaliani kabisa. Wakorea hula mchele wa punje fupi na nene, ambao ukiiva hushikana kiasi cha kuinuliwa kwa vijiti, na ambao hauna harufu yake yenyewe. Mchele huo haulimwi kwetu. Mgahawa unatumia mchele wa Kyela, na siku nyingine wa Mbarali, ukiwa umepikwa kwa maji mengi kidogo kuliko tulivyozoea ili ushikane. Mtu wa Mbeya atashangaa kusikia mtu mwingine wa Mbeya akiulalamikia mchele wa Kyela, lakini naomba nieleweke. Mchele wa Kyela una harufu nzuri, na harufu hiyo ndiyo tatizo: mlo huu umepangwa juu ya wali ulionyamaza ili vitoweo visikike, na wali unaonukia namna hiyo unashindana na mafuta ya ufuta. Ule wa Mbarali ninaoupata pale huwa na harufu ndogo zaidi, na kwa mlo huu naupendelea. Zaidi ya hapo, kuuzidishia maji mchele wa punje ndefu hakuufanyi kuwa wa punje fupi, bali huufanya uwe bokoboko. Ningependa waupike kwa namna yetu, uchambuke, na wageni wale kwa kijiko. Nilimweleza mama huyo maoni hayo, akanisikiliza kwa adabu, akanijibu kwamba wateja wake Wakorea, wanaokuja Jumamosi, wanalalamika kwamba wali haujashikana vya kutosha. Naelewa ugumu wake.

Tofauti hiyo ya mchele inakuwa faida katika chakula kimoja tu, nacho ni bibimbap ya chungu cha jiwe. Wali huwekwa ndani ya chungu kilichochongwa kutoka kwenye jiwe na kupashwa moto hadi kikaribie kuungua, juu yake zikapangwa mboga kila moja mahali pake: karoti, mchicha, uyoga, soya zilizochipua, figili, nyama ya kusaga kidogo na yai. Mteja hutia kijiko cha gochujang, rojo nene ya pilipili, mchele na soya iliyochachushwa, kisha anachanganya kila kitu kutoka chini hadi juu. Msomaji asione haya kuchanganya. Nimewaona waungwana wakiila kwa kuanzia pembeni, mboga moja baada ya nyingine, kana kwamba wanaogopa kuuharibu mpangilio, na hivyo wanafika chini wakakuta wali mkavu usio na kitu. Huku ukichanganya, wali ulioko chini unaendelea kukaangika kwenye jiwe, na baada ya dakika chache kunakuwa na ukoko. Wakorea wanauthamini ukoko kama sisi, na jikoni kwao humwagia maji ya moto juu yake na kunywa maji hayo mwisho wa mlo. Mchele wa Kyela hutoa ukoko mwembamba, wa rangi ya dhahabu, unaobanduka mzima ukisukumwa na kijiko, na kwa ukoko huo niko tayari kusamehe mengi niliyoyasema hapo juu. Chungu hicho ni cha moto kwelikweli. Kinaletwa kwenye ubao, na mtoto asikaribishwe karibu nacho.

Nyama ya bulgogi, yaani ng'ombe aliyekatwa vipande vyembamba na kulowekwa kwenye sosi ya soya, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na tunda, ni nzuri bila kuwa ya kusimuliwa. Asili yake hutumia peasi la Kikorea, ambalo hulainisha nyama na kuipa utamu. Hapa wanasaga tufaha la Njombe, na utamu upo, ila nyama yetu ya ng'ombe wa machungani inahitaji kulowekwa usiku mzima, jambo ambalo si kila siku linafanyika. Waislamu wafahamu kwamba mchuzi wa kimchi hupikwa kwa nyama ya nguruwe isipokuwa ukiomba wa tofu, na kwamba jiko ni moja, ingawa vyungu hutengwa. Wasiokula samaki nao waulize mapema, kwa sababu hata mchicha unaoonekana hauna hatia unaweza kuwa umegusa supu ya usipa.

Kuhusu kuku wa kukaanga, tambi za kukaanga na ile sahani yenye chipsi, mayai na soseji iliyopewa jina la Kikorea kwenye orodha, sina la kusema isipokuwa kwamba vitu hivyo vinapatikana barabara nzima ya kutoka Kabwe hadi Mafiati kwa bei nafuu zaidi.

Vyombo vya kulia ni kijiko chenye mpini mrefu na vijiti vya chuma, bapa na vyembamba, ambavyo huteleza kuliko vijiti vya mbao vya Kichina. Asiyevizoea asihangaike, kwa kuwa Wakorea wenyewe hula wali na supu kwa kijiko, na vijiti hutumika kwa vitoweo tu. Bakuli la wali haliinuliwi kutoka mezani, tofauti na desturi ya Wachina na Wajapani. Mkubwa mezani ndiye huanza, na kitu hukabidhiwa mkubwa kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia ulioshikiliwa na wa kushoto. Baba mkubwa aliposhuhudia dada yule akimpa kikombe kwa namna hiyo, akidhani ni heshima ya Kinyakyusa, alimuuliza kwao ni wapi, na ikawa kweli ni Rungwe. Kuna meza za kawaida sebuleni na meza tatu fupi kwenye jukwaa la mbao lililotandikwa mikeka ya ukindu, ambako unavua viatu na kukaa chini. Mwenye magoti mabovu achague sebule. Sinki la kunawia liko mlangoni, lina sabuni na maji ya moto, nami nalitaja kwa sababu asubuhi za Julai maji ya bomba ya Mbeya yanauma mifupa.

Kinywaji kinacholetwa bila kuagizwa ni maji ya moto yaliyochemshwa na mahindi ya kukaanga, ya rangi ya chai hafifu, yasiyotiwa sukari. Korea hunywewa hivyo, ya mahindi au ya shayiri, badala ya maji matupu. Katika nchi ya mahindi kama hii ni ajabu kwamba sisi hatukuyafikiria, kwani yanasafisha kinywa baada ya kitunguu saumu kuliko soda yoyote. Mwisho wa mlo, ukiwa na bahati, kuna kikombe kidogo cha sikhye, kinywaji baridi kitamu chenye punje za wali zinazoelea, kinachotengenezwa kwa kimea cha shayiri kama togwa linavyotengenezwa kwa kimea cha ulezi. Hakuna kitu kingine cha kumalizia ila matunda, na sioni upungufu katika hilo.

Huduma ni ya upole lakini ya taratibu. Jikoni kuna watu watatu, vyungu vinapikwa kimoja kimoja kwa kila mteja, na kuanzia saa saba kasoro hadi saa nane mchana, watu wa ofisini wanapofika kwa pamoja, kusubiri dakika arobaini si jambo la ajabu. Mwenye saa moja tu ya mapumziko atakula kwa haraka mlo usiofaa kuharakishwa. Dawa yake ni kupiga simu asubuhi na kutaja mlo na saa ya kufika, na hapo utakuta meza imeshapangwa na chungu kiko motoni. Malalamiko yangu mengine ni juu ya orodha ya chakula, ambayo imeandikwa kwa Kikorea na Kiingereza peke yake katika mji ambao wateja wake tisa kati ya kumi wangeisoma kwa Kiswahili bila taabu. Matokeo yake ni kwamba mgeni huagiza picha anayoitambua, na picha hiyo ni ya kuku.

Mlo kamili ni shilingi 15,000 kwa mtu, bibimbap ya chungu cha jiwe ni 16,000, na bulgogi hupikwa kwa watu wawili kwa 32,000. Kwa bei ya mlo mmoja wa pale mtu anaweza kula wali na nyama kwa mama ntilie wa Soweto siku nne au tano, kwa hiyo sisemi ni mahali pa kila siku. Ukihesabu vibakuli sita vinavyoongezwa, supu, kinywaji na muda wa miezi uliomo ndani ya lile rojo la soya, bei haina uonevu. Bei ya soda na maji ya chupa, kwa upande mwingine, ni ya hoteli ya kitalii, lakini kwa kuwa maji ya mahindi ni ya bure hakuna anayelazimika kuilipa.

Kutoka Kabwe bajaji inafika kwa muda mfupi, na anayekuja na gari aegeshe nje ya geti kwa sababu ua unatosha magari mawili tu. Jumapili wamefunga. Malipo ni kwa fedha taslimu au kwa simu. Mkiwa wawili, agizeni mlo kamili mmoja na bibimbap moja, mwombe vitoweo viwekwe katikati, na mtaje mapema kwamba mnataka usipa wa ufuta, kwani kufikia saa nane huwa wamekwisha.